Picha ya Kichwa cha Bouke

Bi Aukje Terpstra, jirani yangu wa ukuta mmoja, alifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye kiwanda cha jibini. Aligonga kila bonge la jibini lenye umbo la gurudumu kwa nyundo ndogo, akasikiliza kama lina uwazi ndani. Mungu hakumwamini, majirani vilevile. Aliamini sauti.

Mbwa wake Bouke ndiye aliyemtibulia imani hiyo. Miaka mitano iliyopita masikio yake yalijaa usaha. Madaktari wa wanyama wakatoa mifereji yote miwili ya masikio, wakavunja vijumba vya mfupa vilivyo nyuma yake, wakavikwangua, wakamshona. Akawa kiziwi. Mwaka uliofuata akafa Wybren, mume wa Aukje. Tangu hapo, kila saa kumi na mbili kasorobo jioni, saa ambayo Wybren alikuwa akirudi nyumbani kutoka kazini, Bouke huinuka, huenda mlangoni na kutikisa mkia.

Hospitali ya wanyama huwaita mbwa iliowapasua zamani wapigwe picha za kichwa, ionekane mifupa imekuwaje. Aukje alikuwa akikataa, akihofia mbwa yule mzee akilazwa kwa dawa ya usingizi hataamka. Mwaka huu alikubali. Niliwapeleka kwa gari langu.

"Nataka kujua kama anasikia," aliniambia njiani. "Kama hasikii, ni mazoea tu, nami nitalala."

"Na kama anasikia?"

Akanishauri niangalie barabara.

Bouke aliamka. Daktari akatuonyesha picha, amefurahi: vijumba vimejijenga upya, vikavu, vimejaa hewa.

"Vitupu, basi," alisema Aukje, kwa sauti ya kazini.

"Vitupu kabisa, mama. Ndivyo tunavyotaka."

"Anasikia?"

"Picha haisemi hilo. Sauti za kawaida, sidhani. Ila mtu akikanyaga sakafu ya mbao, mtikisiko unaweza kumfikia kupitia mifupa."

Daktari alidhani anamfariji.

Jioni ile tulikaa jikoni kwake na kahawa na biskuti moja moja, miguu tumeipandisha vitini ili sakafu isitikisike kwa ajili yetu. Kasorobo ilipofika, Bouke aliinuka, akaenda mlangoni. Aukje akainama, akagonga ubao wa sakafu kwa kidole mara moja, akasikiliza.

Kesho yake aliniita nimsaidie kung'oa zulia la mlangoni, lile nene alilolitandika Wybren mwenyewe. Nikamuuliza lina kosa gani.

"Linameza kishindo cha miguu," alisema. "Shika upande huo, jirani."