Kilo Tatu za Fundi

Fundi baiskeli wa mtaa wetu ni mtu wa maneno machache, mpaka umtajie kondoo. Hapo utajuta. Anawafuga nyuma ya karakana, na kila mwaka huacha dume moja tu la mbegu. Ukikosea dume, husema, umekosea zizi zima.

Mwaka ule walibaki madume wawili wa kuchagua. Baba yao mmoja, lakini kukua kila mmoja na kwake: Mweupe mnene, mtulivu, Mabaka mrefu wa kiuno, mtundu. Mweupe alifiwa na mama, Fundi akamlea kwa chupa kama kitinda mimba wake.

Kumpima, Fundi alimbeba, akapanda mizani, kisha akatoa uzito wake mwenyewe. Mabaka hakukubali kubebwa naye, akawa anapimwa na mke wa Fundi vivyo hivyo. Kila mwezi Mweupe aliongoza kwa kilo moja au mbili.

Muuza nyama alipokuja kumchukua aliyeshindwa kwenye mizani, Mabaka alikuwa ameshafungwa kamba.

"Ngoja kwanza, shemeji," mke akasema. "Baba watoto, unatoa kilo zako ngapi?"

"Sabini na moja."

"Za lini?"

"Za... walipozaliwa."

"Mimi najipima upya kila mara! Na huo mkanda mbona umehamia tundu la mwisho? Hebu panda bila kitu."

"Mbele ya shemeji?"

"Bila kondoo, mzee, si bila nguo!"

Mshale ukapita sabini na moja, ukaenda kutulia sabini na nne.

"Kumbe aliyenona ni wewe! Shemeji, huyu utamchukua bei gani?"

Muuza nyama alicheka mpaka akashika ukuta. Fundi hakucheka. Mtoe Mweupe kilo tatu za bure, Mabaka yuko mbele. Akamfungua Mabaka, kamba akamvisha Mweupe. Muuza nyama akavuta. Mweupe akapiga breki, akamlilia Fundi. Fundi akageukia ukuta, eti anatafuta spana.

Mke akainyakua kamba.

"Mbegu atatoa Mabaka. Huyu ahasiwe, abaki."

"Zizi si la kufugia huruma," Fundi akanung'unika, mkono tayari uko shingoni mwa Mweupe.

"Nani kasema? Wewe nimekufuga miaka yote hii."

"Na mimi niondoke na mizani?" muuza nyama akauliza.

"Mchukue yule jike mzee asiyezaa tena. Na usinichezee na bei."

Fundi alikuwa ameshaenda kutafuta ile chupa ya Mweupe.