Disketi ya Kwanza

Juzi, rafiki yangu, kompyuta ya binti yangu ilijibadilishia mfumo yenyewe tukiwa mezani. Haikuomba ruhusa wala kitu. Binti hata hakuinua macho. Mimi nikaacha kula, nikaikumbuka mashini yetu ya utotoni, mtaani Hewa Bora.

Vita vilikuwa vimekata barabara. Baba alipanda lori kwenda Kasomeno kutafuta mahindi, akasema ni siku tatu, na miezi ikapita. Mama alibaki na kompyuta yake, akiwaandikia watu barua za kuomba kazi na matangazo ya misiba. Misiba haikukosekana. Asubuhi nilikoka makala, yaani makaa, kwenye mbabula, jiko letu la bati, nikachambua matembele huku nikisikiliza vidole vyake vikigonga sebuleni. Jamani, nyumba ile ilikuwa na upweke! Hatukuongea sana, maana kila habari iliishia kwa baba.

Disketi tupu zilikuwa zimeadimika mjini. Kila mwenye mashini alifanya kama sisi: alifuta zile zilizokuja na mfumo, akazitumia upya. Zetu zilijaa barua za wateja. Ile ya kwanza ya mfumo mama alinipa nichezee, na mimi nikaanza kumwandikia baba humo, barua baada ya barua, mama akiwa sokoni. Sikumwambia mtu.

Kisha mashini ikaanza kuzimika katikati ya kazi. Jirani yetu, mwalimu, alileta mfumo mpya kwenye CD, akafuta kila kitu ili aanze upya. Kumbe CD ile haikuwa mfumo kamili, ilikuwa ya kuboresha wa zamani tu. Ikikuta mashini tupu inataka ushahidi kwamba mwenye mashini alikuwa na ule wa zamani. Kiburi gani hicho! Ikaandika: weka disketi ya kwanza. Nikaileta, ikaikataa, kwa sababu humo mfumo tulishaufuta sisi wenyewe. Mwalimu alijishika kichwa. Siku nne mama hakuandika hata mstari, wateja wakahamia kwingine, na sisi tukala bukari, ugali wetu, kwa chumvi.

Siku ya tano mwalimu akampata rafiki mwenye disketi kama ile, nzima. Hakutaka kuiachia, ila alikubali tuinakili kwake, kwenye disketi yetu moja. Za wateja hazikuguswa, kwani barua zao hazikuwa tena popote pengine. Ilibaki yangu. Mama aliishika, akaniangalia, akauliza kama humo mna kitu. Kwetu binti naye huitwa mama.

“Mama, mu hii disketi muko kintu?”

“Hapana. Hamuna kintu.”

Wakainakili ile nzima juu ya yangu, barua zikafutika. Jioni vidole vya mama viligonga tena sebuleni, mboga ikarudi sahanini, na mimi nikaenda nyuma ya nyumba kulia.

Baba hakurudi. Nyumba ile sasa wanakaa wengine, mwalimu alihama, na disketi zenyewe watoto wa leo hawazijui. Miaka mingi baadaye, mama akiwa mgonjwa, aliniambia kwamba barua zile alikuwa akizisoma kila nilipokwenda shule. Siku ile alijua kilichokuwemo, na bado aliuliza. Nilikasirika, nikatoka chumbani bila kumuuliza alisoma nini. Wiki ile ile tulimzika. Ni yeye peke yake aliyewahi kuzisoma, na mimi niliyeziandika sikumbuki hata mstari mmoja.