Kimanga cha Jumamosi

Muuza mboga wa soko la Voi, yule wa kutoka Bura, hupiga picha kimanga chake kama anayempiga picha bibi harusi. Kila Jumamosi anaponda mihogo na maharagwe kwa mwiko, anapangusa kamera ya simu kwa pindo la leso, anasukuma jagi la plastiki kando, kisha anapiga mara kumi ndipo apeleke kwenye kundi la Wadawida, yaani Wataita, mtandaoni. Picha za wenzake huzitazama akisonya. "Huu ni uji," husema, na hata padri angetuma yake angeambiwa vilevile.

Juzi Shanice, msichana aliyezaliwa Nairobi, aliweka kimanga chake cha kwanza. Kilikuwa kimeungua, na kundi zima likamcheka: huyu si Mdawida. Muuza mboga alisoma yote, midomo ameikunja. Akainjika chungu, akasimama kando, mikono kifuani, moshi ukipanda.

"Mama, kinaungua," jirani akamwambia.

"Nakiona."

Alipiga picha mara moja tu, jagi likiwa papo hapo, akaandika: "Shanice mwanangu, hata changu leo kimeungua. Kwangua ukoko, ule na chai."