Kiti cha Kabange

Djo wa reli, kama anavyojulikana pale Kamina, ana msemo ambao abiria wake wote wameukariri: kiti ni cha mwenye makalio. Mfuko wa mahindi hauna makalio. Kuku hana. Koti la mjanja aliyeshuka kununua ndizi, nalo halina. Kwa msemo huo ameyatuliza mabehewa miaka yote ya ukontrola wake wa tikiti, na tuseme ukweli, bila yeye wazee wengi wangesafiri wima.

Hakuzaliwa na Waluba, wenyeji wa pale. Baba yake alikuwa askari aliyetoka mbali, na Djo akakulia kule Base, kambini kwa wanajeshi, akijua mambo ya kambi: mstari, filimbi, zamu. Mambo ya kijijini alikuwa akiyacheka kidogo, si kwa ubaya.

Asubuhi moja treni ya kwenda Bukama ilijaa hadi milangoni. Djo akapenya akikanyaga watu na kuomba radhi, na katikati ya behewa akakiona kiti kitupu. Kimetandikwa kitenge kipya! Kando yake alikaa mama mtu mzima, Marie-Thérèse, na binti yake Kyungu aliyekuwa akipelekwa Kabondo-Dianda kuolewa. Kyungu alivaa kitenge cha namna ileile. Na mbele yao alisimama Bijou, mwanamke mwenye mimba kubwa, miguu imemvimba.

Damu ikamchemka Djo.

“Mama, hii kiti iko ya nani?”

“Iko ya Kabange.”

“Na Kabange eko wapi?”

“Njo pale anaikala.”

Mama akamwonyesha tikiti: yake, ya Kyungu, na ya Kabange. Zote halali. Djo akazitazama, akakitazama kiti.

“Kiti iko ya mwenye makalio,” akasema, akamshika Bijou mkono ili amkalishe.

Bijou akauvuta mkono wake. “Apana, papa. Kyungu na Kabange njo mapasa, balizalikwa pamoja. Kabange alitangulia kwa Mungu angali mutoto mudogo. Lakini ukipa uyu, unapa na ule.”

“Minyi sione muntu.”

“Weye unaona kiti. Shiye tunaona muntu.”

Marie-Thérèse hakupandisha sauti. “Nikimuacha Kabange siku ya ndoa, atakasirika, na kasirani yake itakamata Kyungu. Minyi nilizala babili. Nitaolesha babili.”

Djo akageuka kutafuta wa kumuunga mkono. Hakumpata. Hakuna aliyekikodolea macho kile kiti, si wazee waliosimama, si askari mwenye mzigo begani. Watu waliokuwa wakigombania pa kuweka unyayo mmoja, wamebanana kama maharage guniani, walikuwa wameacha hata nafasi ya magoti mbele ya kiti kile. Djo aliiona ile nafasi ya magoti, akaurudisha mguu wake nyuma.

Marie-Thérèse naye alikuwa akiitazama miguu ya Bijou. Akainamia kiti.

“Kabange, mutoto yangu, uyu mama eko na muzigo ya Mungu. Kuya ukale pa mapaja yangu.”

Akangoja kidogo. Kisha akakitoa kitenge kitini, akakitandaza mapajani mwake, akampa Bijou ishara. Bijou akakaa polepole.

“Aksanti, Kabange,” akasema.

Kabondo-Dianda wenye harusi walikuwa wamefika stesheni zamani, wakipiga vigelegele. Lakini Marie-Thérèse alipotaka kuinuka, miguu ilikataa. Ilikuwa imekufa ganzi.

“Amekomea, njo mukubwa uyu mutoto,” akasema akicheka na kujisugua mapaja. “Amekuwa muzito!”

Djo hakucheka. Alimshusha mama, akarudi akampa Kyungu mkono, naye akashuka. Bendera ya stesheni ilikwisha kupungwa, filimbi ilikuwa tayari mdomoni mwa Djo, abiria madirishani wakimtazama.

Akaitoa filimbi mdomoni. Akarudi tena mlangoni, akanyoosha mkono wake juu, kiganja wazi.

“Polepole, Kabange,” akasema. “Chini iko mbali.”

Akangoja kama anavyomngoja mtu yeyote anayeshuka. Ndipo akapuliza.