Siku Niliyotafsiri Kufukuzwa Kwangu

Nilikuwa mkalimani wa Mhungaria mmoja aliyekuja Kibiti kusimamia mradi wa kupanda mikoko kwenye delta. Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu na majina ya samaki. Kiingereza alikijua vizuri, lakini akizungumza na wakubwa zake wa kwao alirudi kwenye Kihungaria, na mimi nilikuwa nimezoea kukaa pembeni nikiyasikia yale maneno bila kuyasikiliza.

Machache nilikuwa nayajua. La kwanza ni tolmács, mkalimani, maana ndivyo alivyonitambulisha kwa wageni wake. Mengine alinifundisha siku tulipokuwa tunaandika kanuni za kambi. Kiingereza chake kilikuwa na maneno mengi ya kumwondoa mtu kazini, na mimi yote nilikuwa nayageuza kuwa "kufukuza". Akanizuia. Akasema Waingereza wana fire, ambalo ni moto, na sack, ambalo ni gunia. Wana dismiss, ambalo hata mwalimu hulitumia akiruhusu darasa litoke, na let go, kumwachia mtu aende, kana kwamba ulikuwa umemshika mkono. Kwao wana kirúg, kumpiga mtu teke mpaka nje, neno la vijiweni. La ofisini ni elbocsát.

"Hilo ni neno la upole," aliniambia. "Mtu hapigiwi kelele. Ila kesho yake hana kazi."

Siku ile nilicheka, ingawa kwetu kuna neno la upole kama hilo na lilishanipitia. Mume wangu alikuwa ameniacha mwaka uliotangulia, na yeye pia hakupiga kelele. Mshahara wa mradi ndio uliokuwa unatulisha mimi, wanangu wawili na mama yangu kule Chumbi.

Asubuhi ninayoisimulia nilifika ofisini nikamkuta bosi anaongea na simu, ameugeukia ukuta. Nikaanza kupanga vitu vya safari, maana tulikuwa tunakwenda kambini kule kwenye delta. Ndipo nikasikia tolmács. Nikasimama. Hakuvuta hata pumzi, akasema elbocsát, limeongezewa mkia ambao sikuuelewa, lakini lilikuwa lenyewe. Akasikiliza, akalirudia kwa sauti ya chini.

Alipokata simu aliniambia tu, "Leo kuna mkutano na wafanyakazi. Utatafsiri kama nitakavyosema."

"Mkutano wa nini?"

"Utasikia hukohuko."

Njia nzima mpaka bandari ya Nyamisati nililirudia lile neno kichwani. Kwenye boti nilikaa nimemtazama kisogo, nikijiuliza kama kweli atanisimamisha mbele ya watu niyaseme mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba mkalimani haitajiki tena. Nilitaka kumuuliza. Niliogopa kuwa nikiuliza, atajibu.

Tulipofika, nahodha alituambia tusichelewe, maji yalikuwa yanapwa na boti ingelala kwenye tope mpaka alasiri. Wafanyakazi walikuwa wameshakusanyika kwenye banda la makuti, wengine na mapanga yao mapajani kwa sababu walitoka kusafisha kitalu. Wanawake tulikuwa wawili tu, mimi na mama mpishi.

Bosi akasimama, akasema kwa Kiingereza, "I have to let all of you go. From today."

Wote. Kwa hiyo si mimi peke yangu. Nilipata nafuu ya ajabu, halafu nikaziona nyuso zao zinanisubiri na hofu ikarudi kubwa kuliko mwanzo. Nikisema anawaacha, wangeelewa kwamba sisi tunaondoka wao wanabaki. Nikisema anawaruhusu kwenda, wangeshukuru na kuinuka wakale.

"Kazi imekwisha," nikasema. "Nyote mmeachishwa, kuanzia leo."

Msimamizi wa upandaji, mtu wa makamo asiyekuwa na maneno mengi, aliinua uso. "Tumefukuzwa."

"Hamkufukuzwa, kaka. Mmeachishwa."

"Tofauti yake nini? Nikirudi nyumbani mapema leo, mke wangu akiniuliza nimeiba nini, nimpe hiyo tofauti yako?"

Watu wakaanza kusema kwa pamoja. Mmoja wao akatoka, akateremka mpaka kwenye boti, akarudi na mpira wa kupeleka mafuta kwenye injini ameuzungusha mkononi kama kamba. Akasimama mlangoni. "Hapa haondoki mtu," akasema. Nahodha aliinamisha kichwa. Nyuma yao niliona maji yameshaiacha boti, tope linang'aa pande zote.

"Wanasema nini?" bosi akaniuliza.

Nikamwambia. Sauti ilinitoka nyembamba, kama ya mtoto. Akawa mweupe zaidi ya alivyo.

"Huyu anaongea vizuri kwa sababu yeye ana kazi yake," akasema yule wa mlangoni, akininyooshea kidole.

Niliwatazama wale watu ambao niliwaita kaka na wakaniita dada msimu mzima, na kwa mara ya kwanza niliyatazama mapanga. Hakuna aliyekuwa ameyainua. Yalikuwa yamelala palepale mapajani. Lakini mikono yangu niliificha ndani ya kanga.

"Hata mimi nimeachishwa," nikasema.

Hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo. Ikabidi nimgeukie bosi nimuulize palepale, mbele yao, "Na mimi pia?"

Alitazama viatu vyake. "Na wewe. Na mimi." Halafu akatumia Kihungaria kwa ajili yake mwenyewe. Hakutumia lile la upole. Alisema kirúg.

"Na yeye kafukuzwa," nikawaambia. "Kwa teke."

Hakuna aliyecheka. Msimamizi akauliza, kwa dhati kabisa, "Kaiba nini?"

Nikatafsiri. Bosi akajibu kuwa hajaiba kitu, ila waliokuwa wanagharamia mradi wamebadili mawazo. Msimamizi akafikiri, kisha akasema, "Basi akayaseme hayo kwa watu wetu. Sisi tukiyasema wenyewe hatutaaminika. Akisema, mpira wa mafuta atapewa."

Mama mpishi alitulazimisha kula kwanza. Baada ya sala ya adhuhuri tulivuka tope mpaka kijijini, bosi katikati yetu, akizama mpaka magotini, na pale barazani pa msikiti wakatuitia wazee na mwenyekiti wa kijiji. Bosi akasema hakuna mfanyakazi aliyeiba, hakuna mvivu, hakuna aliyekosa. Kila nilipotafsiri sentensi moja, msimamizi alinitazama. "Rudia, dada. Kwa sauti." Nikarudia. Wake zao walikuwa wamesimama kwenye kona ya nyumba, wanasikiliza.

Mwisho bosi akanishika bega, akasema jambo moja zaidi, kwamba na huyu hakufanya kosa lolote. Nilifungua mdomo nitafsiri, nikashindwa. Maneno yalikuwepo, Kiswahili changu mwenyewe, lakini hayakutoka. Watu wakasubiri. Mama mpishi, ambaye Kiingereza hakijui hata kidogo, akawaambia, "Amesema binti yetu naye hana kosa."

Tulirejeshewa mpira wa mafuta na nahodha akautia mahali pake. Maji yalipoinyanyua boti tuliondoka, na hakuna aliyetuzuia. Wengine walitupungia mkono.

Yule Mhungaria alirudi kwao wiki ileile. Mimi nilikwenda Chumbi, nikapalilia mpunga na mama, na simu ikilia niliiacha ilie. Baadaye nilipata kazi kwenye ofisi nyingine hapahapa Kibiti, ya kutafsiri vilevile. Juma la kwanza mkuu wa ofisi alichungulia mlangoni akasema, "Dada, ukimaliza hapo njoo kwangu mara moja."

Nilipofika nilijikuta nimeushika mwimo wa mlango, siwezi kuingia. Alikuwa anataka tu kujua mchele mzuri unapatikana wapi. Nikamwelekeza vizuri, nikaaga, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi kwa muda kabla ya kurudi kazini.