Mataya Katika Sufuria Moja

Mjukuu wangu anasoma chuo kikuu habari za wafugaji wa kale, wale waliopita nchi hii na ng'ombe wao zamani za zamani. Nilipomwuliza anawajuaje watu ambao hawakuacha hata wimbo, akanijibu, "Kukhu, wameacha meno." Kukhu ni nyanya kwa lugha ya kwetu magharibi, ingawa yeye amezaliwa hapa hapa mjini, Kaloleni, na lugha yenyewe anaivunjavunja.

Alinieleza, na nilielewa. Ndama akila majani na kunywa maji ya mahali, udongo wa pale huingia ndani ya jino lake linapoota, na hautoki tena mpaka kufa. Wao chuoni hukwangua unga kidogo wa jino lililofukuliwa, wakautia kwenye mashine, ikawaonyesha ng'ombe huyo alikula malisho ya wapi na alihamishwa mpaka wapi. Jino la mtu nalo husema kama mwenyewe aliishi kwa maziwa na nyama au kwa nafaka. Lakini lazima kwanza wapime meno ya ng'ombe wa siku hizi, ambao kwao kunajulikana, huyu wa Garissa, huyu wa Kajiado, huyu wa Marsabit. Ndipo yale ya kale yapate cha kulinganishwa nacho.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nimeuza supu ya vichwa vya ng'ombe tangu wanangu wakiwa wadogo. Wachuuzi wa kichinjioni nawajua wote kwa majina, na majina ya baba zao pia, ila hapa siyaandiki kwa kuwa hawajaniruhusu. Kila aliyeniuzia kichwa nilimwuliza ng'ombe alizaliwa wapi. Kuandika kwangu ni kwa shida, kwa hivyo mjukuu alinipa vitambaa vya rangi, kila rangi na mahali pake. Nililitoa taya, nikalifunga kitambaa, nikalitia kwenye karai nyuma ya nyumba. Karai likajaa.

Kisha akaniambia, "Kukhu, mwalimu wangu anakuja Jumamosi kuyachukua. Zamu yangu ya mashine imekaribia."

Mwalimu wa chuo kikuu! Nilienda nyuma nikalitazama lile karai. Nzi, na nyama iliyokauka kwenye mifupa, na harufu ya kumfukuza hata paka. Mgeni atasema huyu msichana ametoka nyumba gani? Nikainjika sufuria yangu kubwa ya supu. Vitambaa nilivifungua, maana chekundu kilikuwa kinachuja rangi na nilitaka meno yawe meupe. Nikayachemsha mataya yote pamoja kwa sabuni, nikayasugua kwa majivu, nikayapanga mezani juu ya leso mpya. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nyumbani kwetu kila mtu husema kukhu hasahau, nami nilikuwa nimeshaamini.

Mwalimu alikuja, mama mpole, akavua viatu mlangoni ingawa nilimkataza. Mjukuu wangu aliiona ile meza akasimama.

"Kukhu, vitambaa viko wapi?"

"Nimevifua. Viko kwenye kamba."

Mwalimu alimtazama. Mjukuu akacheka kidogo, cheko la kunitetea. "Usijali, mwalimu. Kukhu anajua jina la kila mtu aliyewahi kuishi laini hii ya nyumba. Kukhu, hili ni la wapi?"

Nililishika. Lilikuwa taya tu. Mchuuzi aliyeniuzia kila kichwa nilimkumbuka, na jina lake, na kofia yake, na maneno aliyonitania. Lakini katika ule mfupa sikuona uso wa mtu yeyote.

"Garissa," nikasema.

Akaandika kwenye mfupa kwa kalamu. "Na hili?"

"Kajiado."

Nikaendelea hivyo mpaka meza ikaisha, na sauti yangu haikutetemeka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko lile la sufuria.

Nilikuwa namimina chai mwalimu aliposema, akilipapasa jino moja, "Mama, umetusaidia sana. Tukikosea hapa, tutawapeleka wale wafugaji mahali ambapo hawakukanyaga kamwe."

Mjukuu wangu alikuwa akinitazama, amejaa furaha. Nikaweka birika chini.

"Mwalimu, nimebahatisha."

"Yapi, mama?"

"Yote."

Mwalimu alisema kuchemsha si neno, jino ni gumu, shida ni kwamba yamechanganyika. Mjukuu wangu hakunigombeza. Alisema tu, "Sawa, Kukhu," kwa sauti ile ya kumwambia mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni, akayatia mataya yote kwenye gunia. Zamu ya mashine alipewa mwenzake. Yeye akaambiwa angoje nyingine.

Siku hizi anakwenda kichinjioni mwenyewe alfajiri. Akirudi anapitia kwangu, anakunywa chai, ananiuliza habari za magoti. Mataya anayaacha kwa jirani. Hakuniambia. Niliyaona mwenyewe nilipochungulia juu ya ua.

Juzi nilikuwa mferejini nikiteka maji na akina mama wa laini yetu, ambao huniita shosh, yaani nyanya, yule jirani akatoka na karai mkononi.

"Shosh! Mafupa ya mrembo wako yatatuua. Watoto wangu wanakula wameziba pua! Maji yako jikoni, nafungua hivi vitambaa nayapiga chemsho moja sasa hivi."

"Usiyaguse!"

"Eh! Kwani ni dhahabu?" Wenzake wakacheka. "Nakusaidia, shosh. Hata wewe yako si uliyachemsha yakang'aa? Niliyaona."

Akageuka kuingia ndani. Ningesema tu kwamba mjukuu amekataza, lakini huyo namjua, angeyachemsha kisha aombe msamaha. Nikapaza sauti.

"Yangu niliyaharibu! Niliyachanganya yote, halafu nikamdanganya mwalimu wake. Msichana alinyang'anywa zamu kwa sababu yangu."

Jirani akasimama mlangoni. Kisha mmoja, ambaye nilimpokea siku ya kwanza alipohamia hapa, akasema, "Kumbe shosh nawe husahau!" Wakaangua kicheko, si kwa ubaya.

Jirani alirudisha karai kivulini, akaenda kuzima jiko. Mtungi wangu wa maji ulikuwa haujajaa hata nusu. Niliubeba hivyo hivyo nikaingia ndani.