Niliwaahidi Watatu Diski Moja

Jamani, sina wa kumsingizia. Umeme haukukatika, wala hapakuwa na virusi. Ni mimi!

Miaka ile kila mji ulitaka redio yake, na sisi Masasi tukapata ya kwetu. Nilikuwa mwandishi wa habari, na kwa kuwa niliwazidi wenzangu kidogo kwa kompyuta, nikafanywa fundi pia. Ndani ya mashine yetu moja kubwa nikaunda kompyuta tatu za kufikirika: ya habari, ya muziki na ya salamu. Kila moja ilijiona kamili, haijui kwamba inaishi tumboni mwa nyingine. Nilivyofurahi! Nilitembea kama bwana harusi.

Baba Imani wa muziki akaomba diski nzima, yaani ghala lote la mashine. Mama Zuhura wa salamu naye, nzima. Na mimi wa habari nibaki nyuma? Nikagawa nzima kwa wote! Programu inaruhusu: unaandika ahadi, halafu diski inatoa vipande kidogo kidogo kadiri mtu anavyohifadhi. Vipande nilivichagua vikubwa ili vibebe mafaili makubwa. Hata ukirekodi kikohozi tu, kikihitaji kipande kipya, kipande kinatoka kizima.

Ni sawa na mtu wa Newala mwenye tangi moja la maji ya mvua, anayemwahidi kila jirani tangi zima. Siku za mwanzo wote wanamsifu!

Nilisahau salamu zetu. Huku mzee hasemi "hamjambo" akaondoka. Ataulizia nyumba, mikorosho, mbuzi, mpaka goti la shemeji.

"Mama Zuhura, zikate kidogo," nilimwomba.

"Nimkate mzee katikati ya salamu? Kata wewe, na laana ubebe wewe!"

Krismasi ilipokaribia, Bi Somoe wa Chilangala akaja kurekodi. Bintiye, Mama Neema, aliolewa na Mkristo wa Lulindi, na tangu harusi ile hawakusemeshana. Sasa Bi Somoe alitaka kumsalimu kwa sikukuu yake, redioni, watu wote wasikie. Aliongea mpaka chai yetu ikapoa. Studio nzima tulicheka na kulia.

Siku moja kabla ya sikukuu, onyo likatokea: diski inajaa. Kwa pupa nikafuta salamu zote, nikidhani zimeshapita hewani. Nikatazama kipimo. Hakuna kilichorudi! Nilifuta ndani ya kompyuta ndogo, lakini ile kubwa iliendelea kuhesabu vile vipande kuwa vimeshagawiwa.

Mama Zuhura akapiga yowe: "Na ya Bi Somoe je?"

Oo! Nilikuwa nimeifuta, na nakala hatukuwa nayo.

Asubuhi ya Krismasi kipande cha mwisho kikatoka. Kompyuta zote tatu zikaganda kwa pamoja, na redio ikanyamaza katikati ya wimbo. Nikachukua pikapu ya redio, mbio mpaka Chilangala.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba. Mbona redio yenu imekufa?"

Nikamweleza yote, macho chini. Akaangua kicheko mpaka kanga ikamdondoka.

"Kumbe maneno yangu yanashibisha mashine! Basi sirudii kwa chombo. Washa gari."

Tukateremka Lulindi, yeye mbele, njia nzima akifanya mazoezi ya atakayosema. Mama Neema akafungua mlango, mwiko mkononi. Akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

Bi Somoe, yule aliyeijaza diski yangu, alipata neno moja tu.

"Marahaba."

Ndugu zangu, funguo za chumba cha mashine nilinyang'anywa, na kazini mpaka leo naitwa Bwana Tangi. Nastahili! Wewe unayegawa nafasi, chungulia kwanza kilichomo kweli kabla hujajifanya mkarimu. Na usiguse kitufe cha kufuta kabla hujasikiliza ni mama wa nani anayeongea mle ndani.